Sare ya Ugenini

Alhamisi ni siku ya sukari.
Benchi la mbao, hospitali kuu, saa moja asubuhi,
hatujala, vidole havijatobolewa,
na tayari Shekuwe ameianzisha:
"Mwaka ule wa Nairobi..."
Hamalizi. Benchi zima lamrukia.

Tulikuwa arubaini na mmoja, asema Mbarak Fundi Saa.
Thalathini na tisa, asema Katana, tikiti nilikata mimi,
wawili walilala chini ya viti hadi Voi.
Gari moshi, daraja la tatu, usiku kucha,
mahamri ya Mwanasiti ndani ya ndoo ya rangi,
na mimi, miaka kumi na minne,
nimelipakata chapuo kama mtoto wa watu.

Timu yetu, Makande, vijana wa gatini:
wapakuzi wa magunia, mpaka rangi wa meli,
kocha karani wa forodha
aliyemuua shangazi yake kwa barua
apate ruhusa ya siku tatu.
Pointi moja tu, tusishuke daraja.
Moja. Sare.
Mwanasiti akasikia vibaya, au akasikia vizuri:
akatushonea sare,
vizibao vya leso moja, nyekundu, korosho pembeni,
na mgongoni pa kila mwanamume jina la leso:
TUMEKUJA NA KWETU TUTARUDI.

Julai. Baridi ya kung'ata meno.
Wenyeji walipumua moshi kama birika.
Kwanza maganda ya machungwa, kisha mawe.
"Rudini mkale nazi!"
Tumeshaila, alijibu Katana,
kwa sauti ya kujisikia mwenyewe.

Dakika ya themanini na nane, bado suluhu,
refa akanyoosha kidole.

Hapa benchi halijapatana hadi leo.
Mpira uligusa bega.
Bega gani, mkono wote ule, tuseme kweli tumezeeka.
Refa alialikwa pilau mchana.
Pilau Nairobi? Nani angempikia?

Mimi sisemi. Mimi niligeuka.
Niliupa uwanja mgongo, na leso yake, na maneno yake,
nikautazama uso wa Mwanasiti.
Ametia pindo la buibui kinywani, analitafuna.
Mato yake yalikwenda kushoto,
yakasita,
yakabaki papo hapo.
Watu maelfu wakanyamaza,
nikasikia mtu mmoja akikohoa upande wa pili.
Kisha sisi, arubaini na mmoja,
au thalathini na tisa.

Kwa hiyo miaka yote nimeihadithia nikiruka kushoto.
Harusini, kwa kinyozi, mbele ya wajukuu.
Nimevunja vikombe viwili vya mke wangu nikiruka kushoto.

Kalume Chengo hukaa mwisho wa benchi.
Mpira ulipomwacha alilinda mlango kweli:
bohari la chai, Shimanzi, rungu na kurunzi,
miaka ishirini na sita, hakupita mwizi.
Sasa sukari imemla mato.
Leo, sijui kwa nini leo, nikamuuliza:
"Kalume, uliruka kushoto, sivyo?"

Akaitafuta sauti yangu kwa kidevu.
"Kuruka? Mguu ulinikaza. Baridi ile!
Nilitaka kwenda kulia. Sikuweza kwenda popote.
Mpira ukanikuta nyumbani."

Benchi kimya. Feni inakwaruza.
Mbarak akakohoa, akanyosha kanzu magotini.
"Uliruka," akasema. "Kushoto.
Wewe huwezi kujua. Sisi tulikuwa tukitazama."
Na Shekuwe: "Hata majani yaling'oka."
Kalume akacheka hadi akashika mbavu,
akasema basi, kama ndivyo mlivyoona.

Nambari kumi na saba, aita muuguzi.
Kalume akainuka, akakataa mkono wangu,
akaufuata ukuta kwa viganja wazi
hadi mlangoni.

"Thalathini na tisa," Katana akaninong'oneza.
"Wewe hukukatiwa tikiti.
Nilikukalia kichwani hadi Voi."